Picha Isikwame Njiani

Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, hali Bara ilisubiri hadi 1994. Ndugu zetu wa Visiwani, basi, wanaijua thamani ya kuona mambo ya taifa kwa macho yao. Leo televisheni hiyo imo mfukoni, ndani ya simu.

Lakini mtandao unapolegea, mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, anayefuatilia Bajeti ikisomwa Dodoma, hubaki akikodolea macho picha iliyoganda, huku kifurushi alichokinunua kwa jasho kikiteketea. Ndivyo yanavyoweza kumpata mvuvi wa Tumbatu pia.

Dawa ipo, wala si ngeni. Tangu 2009 uko utaratibu wa kuyakata matangazo katika vipande vya sekunde chache, kila kipande kikitayarishwa kwa uzito mbalimbali. Simu yenyewe huchagua kile inachokimudu kwa wakati huo. Mtandao ukidhoofu, picha hufifia kidogo, lakini haikatiki.

Tunawahimiza wakuu wa vyombo vya umma, Bara na Visiwani, wasijivunie picha ang'avu tu inayong'ara maofisini mwao. Warushe pia picha nyepesi, na sauti peke yake, kisha waijaribu vijijini kabla ya siku yenyewe. Minara izidi kujengwa, lakini mnara pekee hautoshi.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu. Haki hiyo haikubagua aina ya simu.