Bonasi kwa Mchezaji wa Zamani: Shukrani au Chambo?

Wavuvi wa dagaa wa Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapokomaa, taa hupoteza nguvu ya kuvuta samaki. Nyavu huanikwa, na wengi hupumzika wakiwa na fedha mfukoni na simu mkononi. Kwa aliyewahi kubeti, huo ndio wakati ambapo ujumbe mfupi huwa mgumu kuupuuza: “Weka 10,000, upate 10,000 nyingine.”

Kwa nini kampuni impe fedha mtu ambaye tayari ni mteja wake? Kumpata mchezaji mpya hugharimu matangazo mengi. Aliyekwisha kujisajili anafahamika: namba yake, kiasi anachoweka, saa anazocheza, na siku aliyoanza kunyamaza. Ni rahisi zaidi kumrudisha huyo kuliko kumtafuta mgeni. Katika poka ya mtandaoni sababu iko wazi zaidi. Wachezaji hushindania fedha zao wenyewe, na kampuni hukata sehemu ndogo ya dau lililokusanywa mezani. Meza tupu haiingizi kitu; kwa hiyo bonasi mara nyingi hutolewa kidogo kidogo, kadiri mtu anavyoendelea kucheza.

Bonasi yenyewe hufungwa kwa masharti. Tuchukue mfano wa bonasi ya 10,000 ambayo mchezaji lazima aizungushe mara 10 kabla ya kuitoa. Atalazimika kubeti jumla ya shilingi 100,000. Ikiwa kampuni hubakiwa, kwa wastani, na shilingi 10 katika kila 100, basi 10,000 zote zimekwisha kurudi zilikotoka. Wachache watapata faida. Walio wengi watakuwa wamepewa sababu ya kucheza tu. Mwaka 2025 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wa Uingereza waliamua kwamba sharti la namna hiyo lisizidi mara 10. Hata kikomo hicho, kama hesabu inavyoonyesha, hakiigeuzi bonasi kuwa zawadi.

Jambo hili ni la afya pia. Katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022, uraibu wa kamari umewekwa katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Hakuna mhudumu ambaye angekubali mgonjwa anayejitahidi kuacha pombe apelekewe chupa ya bure kila jioni. Ujumbe wa bonasi hufanya kazi hiyo hiyo, bila harufu na bila shahidi.

Kwa hiyo mhudumu wa zahanati anayempokea mtu mwenye kukosa usingizi, madeni na ugomvi wa nyumbani aulize maswali mawili yanayotumika tangu mwaka 1997: Je, umewahi kulazimika kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachobeti? Je, umewahi kuhisi haja ya kuongeza dau zaidi na zaidi? Jibu la ndiyo kwa lolote kati yake lafaa kufungua mazungumzo marefu zaidi. Anayetaka kuacha asaidiwe kufunga akaunti na kuzuia jumbe hizo, na mtu anayemwamini amtunzie fedha za siku za mbalamwezi. Nayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania ingewatendea haki wananchi kwa kupiga marufuku bonasi kwa yeyote aliyeomba kuacha. Aliyejinasua ndoanani hastahili kutupiwa chambo tena.