Viputo vya Panya na Moyo wa Mtoto

Moyo wa panya wa maabara hupiga zaidi ya mara 500 kwa dakika, nao hauzidi ukubwa wa punje ya haragwe. Hata hivyo wataalamu huutazama ukifanya kazi bila ya kumpasua mnyama. Humdunga sindano yenye viputo vya gesi, vidogo kama chembe nyekundu za damu, navyo huakisi mawimbi ya sauti hadi picha ikatokea kiooni. Wimbi kali huvipasua. Kasi ya viputo vipya kuingia katika misuli ya moyo ndiyo kipimo cha mtiririko wa damu.

Yatuhusu nini sisi wa Machakos? Asili ya ujuzi huu ni binadamu: Gramiak na Shah waliuandikia huko Marekani mwaka wa 1968. Tena una ndugu yake wa bei nafuu. Daktari hutikisa maji ya chumvi na hewa kidogo baina ya mabomba mawili ya sindano, kisha humdunga mgonjwa. Viputo hivyo havivuki mapafu; vikionekana mara moja upande wa kushoto wa moyo, pana tundu.

Maji ya chumvi tunayo. Mwaka wa 2015 serikali ilikodi mitambo kwa hospitali 98 nchini. Kufikia 2020 Seneti ilikuwa ikichunguza kwa nini mingine imekaa bure. Kodi ya mtambo ililipwa, msomaji wa picha akasahauliwa! Naisihi kaunti yetu isomeshe wapimaji wa moyo kabla ya kununua chombo kingine chochote. Mama wa Masinga, ambaye mwanawe husawijika midomo kila anapolia, asilazimike kufunga safari ya Nairobi ili kujua tu kama pana tundu.