Ugonjwa wa kusema "Siwezi"

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia malaria, minyoo, uzazi na lishe ya watoto. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie ugonjwa usioonekana kwa darubini, nao ni ugonjwa wa kusema "siwezi". Sisi wauguzi tunaukuta kila siku tunapopita vitandani, na kwa maoni yetu hatuutibu ipasavyo. Mara nyingine ni sisi wenyewe tunaouambukiza.

Tuanze na mzee mmoja tuliyemuuguza miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa fundi seremala, mgonjwa wa kisukari, na alikuwa na kidonda cha kisigino kilichocheleweshwa nyumbani kwa sababu kilikuwa hakimuumi. (Kisukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Ndiyo maana kwa mwenye kisukari kidonda kisichouma ni cha kuogopwa sana.) Ilibidi mguu ukatwe chini ya goti. Upasuaji ulikwenda vizuri na kigutu kikapona bila usaha. Lakini mzee alijifunika shuka mpaka usoni. Tulipomwambia, "Baba, leo tujaribu kukaa na kunyoosha goti," alijibu, "Sista, niacheni. Seremala asiye na mguu si mtu. Mimi ndiyo basi." Mkewe alimhurumia, akamwekea mto chini ya goti ili apumzike vizuri. Nasi tukauacha mto.

Hapo tulikosa. Goti likikaa limekunjwa juu ya mto kwa wiki nyingi hukakamaa, na goti lililokakamaa halipokei vizuri mguu wa bandia. Mzee alisema hawezi kutembea. Kwa kuwa alisema hivyo hakunyoosha goti, na kwa kuwa hakunyoosha goti ilikuwa inaelekea kuwa kweli kwamba hawezi. Tena kuna jambo la aibu ambalo tunaliandika ili wenzetu wajihadhari. Mmoja wetu alisema karibu na kitanda chake, akidhani amelala, "Huyu basi tena." Mzee alikuwa macho.

Aliyetufumbua macho ni padre aliyekuja kutembelea wagonjwa. Aliketi pembeni ya kitanda akamsimulia mzee habari za kiwete mwenzake, mtu wa zamani sana aliyeitwa Epictetus. Baadaye tulimwomba padre atueleze zaidi.

Epictetus alizaliwa yapata mwaka 50 baada ya Kristo katika mji wa Hierapolis, ambao leo uko nchini Uturuki. Alikuwa mtumwa. Huko Roma aliruhusiwa kusikiliza mafundisho ya falsafa angali mtumwa, na baadaye akapata uhuru wake. Mguu wake ulikuwa na kilema. Wako waliosimulia kwamba ulivunjwa na bwana wake, na wako waliosema ni ugonjwa tu. Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, Epictetus alihamia Nicopolis huko Ugiriki akafungua shule. Hakuandika kitabu hata kimoja. Mafundisho yake tunayo kwa sababu mwanafunzi wake Arrian aliyaandika.

Alikuwa mmoja wa Wastoiko, watu wale ambao Mtume Paulo alikutana na baadhi yao mjini Athene (Mdo 17:18). Jina lao latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya baraza la nguzo, maana mwalimu wao wa kwanza, Zeno, alifundishia barazani mjini humo yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Kwa hiyo ni elimu ya barazani, na msomaji asiitishwe na neno falsafa.

Fundisho lenyewe si gumu. Epictetus aliwataka wanafunzi wake watenganishe mambo yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Mwili, mali, cheo na sifa mbele za watu vinaweza kuchukuliwa wakati wowote. Hukumu tunayoitoa juu ya jambo, na uamuzi wa kutenda au kutotenda, hivyo ni vyetu. Alisema pia kwamba jambo lenyewe silo linalomsumbua mtu, bali ile hukumu yake juu ya jambo hilo. Kilema chake yeye alikiona kuwa kizuizi cha mguu, wala hakukiruhusu kiwe kizuizi cha nia. Na wazo likija kichwani, mtu asilikaribishe tu ndani. Alisimamishe kwanza alihoji, kama mlinzi wa usiku anavyomhoji mpita njia.

Basi tukarudi kwa mzee na kuyahoji maneno yake. "Sina mguu" ni kweli, hatukubishana naye. "Si mtu" ni hukumu. Nani ameitoa? Tukamwuliza, "Baba, kupiga randa kunahitaji nini?"

"Mikono, na kusimama imara."

"Na kupiga msasa?"

Akanyamaza kidogo. "Msasa nitapiga nimekaa."

Siku hiyo mto uliondoka chini ya goti. Tulimwomba anyooshe goti mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, basi. Hatukumwahidi kwamba atatembea, kwa maana hilo halikuwa katika uwezo wake wala wetu. Siku ya kwanza alilia kwa maumivu. Siku ya tano mkewe ndiye aliyekuwa akimhesabia.

Wako watakaosema haya ni maneno ya wapagani wa kale na hayaponyi mtu. Lakini matabibu wa akili wa siku hizi waliyachukua. Albert Ellis wa Marekani alianza tiba yake ya mazungumzo mwaka 1955, na alikiri wazi kwamba msingi wake ameutoa kwa Epictetus. Aaron Beck naye, aliyeanzisha tiba ya kubadili fikra katika miaka ya 1960, aliwataja Wastoiko kuwa chimbuko la kazi hiyo. Wala si lazima awepo daktari bingwa. Huko Pakistani wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa njia hiyo ili wawasaidie akina mama wenye sonona, na matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, kati ya akina mama waliosaidiwa asilimia 23 walikuwa bado na sonona. Kati ya wale waliotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa asilimia 53. Wahudumu hao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu kama sisi, tena wenye elimu ndogo kuliko yetu.

Ndiyo maana tunalo dai dogo kwa wauguzi wenzetu. Tuache kuandika kwenye faili "mgonjwa hatoi ushirikiano". Neno hilo halimsaidii anayekuja zamu ya usiku. Tuandike alichosema mgonjwa mwenyewe: "Anasema seremala asiye na mguu si mtu." Anayesoma hivyo anajua pa kuanzia. Chuoni tulifundishwa kufunga kidonda, kupima presha, kutandika kitanda bila mkunjo hata mmoja (kwa mkunjo tuligombezwa sana). Kusikiliza neno la mgonjwa hatukuhojiwa kwenye mtihani wowote.

Lakini tahadhari. Wapo wanaopenda kuitumia elimu hii kuwanyamazisha wengine. Mama asiye na nauli ya kuja kliniki akisema "siwezi", hana ugonjwa wa fikra. Anatoa hesabu ya mfuko wake, na kumwambia abadili mawazo ni kumtukana. Mke anayepigwa asiambiwe kwamba kinachomsumbua ni hukumu yake juu ya kipigo. Kipigo ni kipigo, atafutiwe mahali pa usalama. Hao Wastoiko wenyewe walifundisha haki kuwa wajibu wa kila mtu, hawakufundisha kuvumilia uonevu wa jirani huku umekunja mikono. Kabla ya kumrekebisha mtu, basi, tumwulize: hii "siwezi" yako inatoka moyoni au mfukoni?

Tena mtu asiyelala, asiyekula, aliyepoteza hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, aletwe hospitali. Na anayesema heri afe asiachwe peke yake, aletwe siku hiyo hiyo. Sonona ni ugonjwa, na dawa zipo.

Kwa msomaji aliye nyumbani, jaribu jambo moja kwa daftari la mtoto. Andika ile "siwezi" yako kama unavyoisema. Chini yake andika ni nani aliyekuambia kwanza. Utashangaa mara ngapi ni mwalimu wa darasa la tatu, au shangazi mwenye hasira, au sisi wa wodini. Kisha andika kitu kimoja kidogo kilicho katika uwezo wako leo, kabla jua halijatua, ukifanye. Usiku ujiulize umefanyaje. Seneca, Mstoiko mwingine wa Roma, alikuwa na desturi hiyo ya kujihoji kila usiku taa ikishazimwa, na sisi Wakatoliki hatuioni ngeni kwani tunachunguza dhamiri kabla ya kulala.

Yule mzee goti lake halikunyooka lote. Zile wiki za mto zilimgharimu, na mguu wa bandia ulichelewa kumkaa. Sasa anatembea nao kwa gongo moja, kiwandani kwake anapiga msasa na kupaka vanishi, na kazi ya randa anamwachia mwanawe. Kliniki ya kisukari haikosi. Ngazi za mlango wa mbele hajakubali kuzipanda, anazunguka nyuma jikoni, anasema hizo hawezi. Kila akija tunamwuliza.