Makumbi Yajaribiwe Kwanza

Hitilafu ya waya wa baharini mnamo Desemba 2009 iliiacha Unguja gizani takriban miezi mitatu. Ni haki, basi, kuyafikiria makumbi ya nazi kuwa kuni za mitambo ya umeme.

Lakini katika tanuri ambalo mchanga hurushwa kwa upepo hata ukatokota kama maji, makumbi si makaa ya mawe. Ni mepesi, yana nyuzinyuzi. Yasipokatwakatwa hushikamana na kuuzuia mchanga kuchanganyika. Majivu yake yana potasi nyingi, ambayo joto lifikapo digrii 800 hivi huweza kuugandisha mchanga na kuuzima mtambo.

Tunawasihi wakuu wanaohusika wadai majaribio ya makumbi yetu wenyewe kabla ya kutoa fedha za umma. Majuto ni mjukuu.