Stendi ya kamera iliyolala ni mtaji

MPIGA picha wa Mkange, wilayani Bagamoyo, huchangamka baada ya mavuno, ufuta unapouzwa na harusi zinapoanza. Miezi mingine hungoja wanaotaka pasipoti saizi. Kwa biashara ya msimu namna hii, kukopa ili kununua stendi mpya ya taa ni kujitwisha mzigo, wakati stendi ya kamera yenye miguu mitatu imelala konani tangu alipoanza kupiga kwa simu.

Stendi hiyo inabeba taa. Kinachowakwamisha wengi ni skrubu. Ya kamera ni ya robo inchi, yenye meno 20 kwa inchi, na taa nyingi ndogo za LED zina tundu lake, hivyo hufungwa moja kwa moja. Taa za studio hutaka kishikio kinene zaidi. Hapo fundi wa kuchomelea huunganisha nati na kipande cha bomba. Asiuziwe nati ya milimita 6, maana hushika kidogo tu kisha ikaharibu meno.

Tatizo la kweli ni urefu. Stendi nyingi ndogo hazimzidi mtu aliyesimama, basi mteja akae kwenye kigoda. Akitumia mwavuli mweupe kulainisha mwanga nje, upepo wa pwani utaiangusha yote, hivyo aning'inize mfuko wa mchanga katikati ya miguu. Taa nzito za zamani zisipandishwe kabisa kwenye kichwa cha plastiki.

Fedha iliyookolewa inunue betri. Umeme ukikatika katikati ya harusi, stendi mpya haitawaka.