Shabunda: hukumu ilitoka 2019, fidia ya wahanga iko wapi?

Tarehe 19 Novemba 2019, korti ya kijeshi mjini Bukavu ilimfunga maisha Frédéric Masudi Alimasi, aliyejulikana kama Koko di Koko, mkubwa wa kundi moja la Raia Mutomboki. Kosa: jinai dhidi ya ubinadamu, pamoja na ubakaji, katika vijiji vya Shabunda mwaka 2018.

Wamama walisimama mbele ya korti wakatoa ushahidi. Wao walitimiza kazi yao. Serikali je?

Sheria ya 26 Desemba 2022 inasema wahanga walipwe fidia. Mfuko wa FONAREV umetengewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Shabunda inatoa zahabu na kasiteriti. Mhanga wa Shabunda si ombaomba.

Wengine watasema alete kwanza karatasi. Aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni atatoa wapi karatasi? Barabara ya Bukavu ni mbovu, ndege ni bei kali, na tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa M23.

Basi FONAREV iwafuate wahanga kule walikokimbilia, iwaandikishe kwa siri, kisha itangaze siku ya malipo. Gereza la mkosaji halimlishi mhanga.