Tunabishania hukumu ya mirathi, na wasia hatuandiki

Tangu Mahakama ya Upeo itoe hukumu yake tarehe 30 Juni 2025, sijakaa baraza hapa Mombasa isizungumzwe. Kesi yenyewe ni ya kwetu. Baba Muislamu alifariki bila kuacha wasia, akaacha mali na watoto wa mama mbalimbali. Baadhi ya watoto hao wakaambiwa hawana haki ya kurithi kwa kuwa wamezaliwa nje ya ndoa. Majaji walisema kuwatenga ni ubaguzi. Kifungu cha 24(4) cha Katiba, kinachoipa nafasi sheria ya Kiislamu katika Mahakama za Kadhi, hakifiki mpaka hapo, kwa maoni yao.

Wako waliofurahi, wakasema mtoto habebeshwi kosa la wazazi. Wako walioghadhibika, mashekhe na viongozi wetu miongoni mwao, wakasema mahakama imeingilia dini. Mimi si kadhi wala si wakili, na familia ile yao yamewatosha. Lakini katika kelele zote hizi kuna swali nasikia haliulizwi: mbona tunafika huko?

Maana fiqhi yenyewe ina mlango. Mtu asiyekuwa mrithi anaweza kuandikiwa wasia mpaka thuluthi moja ya mali. Huo ni mpaka ambao Mtume (SAW) alimwekea Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa zaidi. Na mtu akiwa mzima na afya yake, anaweza kumpa amtakaye hiba. Mzee mwenye mtoto anayejua kwamba kifiqhi hatamrithi, anaweza kumwandalia mapema, na asiyetaka hukumu ya juzi wala anayeitaka hatakuwa na la kusema. Akinyamaza, amewaachia watu wengine waamue. Na Mahakama ya Kadhi, kwa Kifungu cha 170, ina uwezo pale tu wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kwenda mbele yake. Asiyeridhia ataelekea Mahakama Kuu.

Nasema haya kwa sababu nimeyaona nyumbani kwetu, na kwetu hakukuwa na mtoto wa nje wala mke wa siri. Babu alikuwa na nyumba Majengo. Nyumba yetu, kiwanja cha mwenyewe mwingine, tunalipa kodi ya ardhi kama nyumba nyingi za mtaa ule. Shangazi yangu alikwenda kufanya kazi Saudia, na kwa miaka sita alileta pesa mpaka vikasimama vyumba vinne vya kukodisha uani. Babu alikuwa akisema mbele ya watu, "Vile vya uani ni vya binti yangu."

Alipofariki, hata arubaini haijafika, ndugu zake shangazi wakauliza karatasi iko wapi. Haikuwako. Basi vyumba vikatiwa katika mirathi pamoja na nyumba, na mwanamke aliyevijenga akapewa nusu ya fungu la kaka yake. Baba yangu alikuwa mmoja wa hao kaka. Shangazi aliondoka siku ile na hakukanyaga tena nyumba ile mpaka alipofariki.

Watu walisema dini ndiyo iliyomnyima. Si kweli. Mirathi haigawanywi mpaka yatoke matatu: gharama za maziko, madeni, kisha wasia. Na mali ya mtu mwingine iliyo mkononi mwa marehemu si mirathi kabisa. Kama babu angekiri kwa maandishi akiwa mzima kwamba vyumba ni vya binti yake, vingetoka kabla ya hesabu kuanza. Dini ilikuwa upande wa shangazi. Kilichokosekana ni mistari miwili na mashahidi wawili.

Mafungu yenyewe hayana ugumu tunaoupigia kelele. Chukua mtu aliyeacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Mke ana thumuni, moja ya nane. Saba zilizobaki, kila mwana mbili na kila binti moja. Ikiwa kilichobaki baada ya madeni ni shilingi milioni 8, mke ana milioni 1, kila binti milioni 1, kila mwana milioni 2. Hesabu ya dakika tano. Vita viko kwenye swali la nini kiingie katika ile milioni 8, na hilo marehemu peke yake ndiye aliyekuwa akilijua.

Kuna makosa mawili nayasikia kila siku. La kwanza, mzee anasema, "Nyumba hii nikifa ni ya fulani," akidhani ametoa hiba. Hiba hukabidhiwa mtu angali hai. Ya "nikifa" ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie. La pili, anayeogopa nyumba ya mababu kuuzwa hukaa akinung'unika, na wakfu upo. Sheria inatambua hata wakfu wa familia: nyumba haiuzwi, watoto na wajukuu wananufaika, na mwisho wake ni kheri. Wazee wetu waliujua vizuri. Sisi tunaukumbuka dalali akishafika mlangoni.

Najua kwa nini hatuandiki. Tunaona ni kujichuria. Mtoto akimuuliza baba kuhusu hati, anaambiwa anamtakia kifo. Basi tunangoja msiba, na wakati wa msiba ndipo tunapokwenda kwa chifu kutafuta barua ya majina ya warithi huku mmoja ameshaanza kupokea kodi ya wapangaji.

Mimi nimeandika mwezi uliopita. Karatasi mbili tu: nilicho nacho, ninachodai, ninachodaiwa, kipi kati ya vilivyomo nyumbani si changu, na nani awe wasii. Mashahidi wawili wametia saini, nakala moja iko kwa wasii. Mke wangu aliponiona akaniambia nisijichurie. Nikamwomba asome mstari wa kwanza wa madeni, uliotaja mahari yake ambayo sijamaliza. Alisoma, akaikunja karatasi, akaenda kuiweka mwenyewe kabatini.

Barazani bado wanabishana kama majaji walipata au walikosa. Siku hizi nikiulizwa maoni yangu, namuuliza mwenzangu kwanza: wewe umeandika?